Ukingo wa Kushoto

Ting.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza aliyoikumbuka maishani mwake, kabla ya sauti ya mama yake, kabla ya mvua juu ya bati. Ilikuwa kengele ndogo ya taipureta ya baba, karani wa mahakama, aliyekuwa akileta kazi nyumbani na kuitandaza mezani vyombo vikishaondolewa. Vidole vilikimbia, kengele ikalia, mkono ukasukuma mashine kurudi mwanzo wa mstari, vidole vikakimbia tena. Yeye alikuwa chini ya meza, bado ananyonya kidole. Alipopata akili ya kuuliza, aliuliza kengele ile inalilia nini.

"Inaniambia karatasi inakaribia kwisha upande huu," baba alimjibu. "Mashine ina adabu kuliko watu. Inakuonya kabla, haisubiri uanguke ndipo iseme pole."

Baba alikuwa na presha ya macho. Watoto hawakulijua jina la ugonjwa. Walijua tu kwamba baba hupapasa kikombe kabla ya kukishika. Kazini hakusema. Vidole vyake vilizijua herufi bila msaada wa mtu, akaendelea kupiga chapa hukumu za watu, miaka kwa miaka, mpaka siku alipokaa kitini, akaweka vidole pembeni kidogo, kitufe kimoja tu kulia kuliko ilivyopaswa, akapiga ukurasa mzima kwa kasi ile ile na kengele ile ile. Akampelekea hakimu kwa mikono miwili. Hakuna neno hata moja lililosomeka. Hakimu aliutazama ukurasa, akaukunja, akasema, "Ahsante, karani." Hakumcheka. Baba alisema baadaye kwamba laiti angemcheka. Tangu siku ile alikaa nyumbani, kwenye kiti karibu na mlango, akisikiliza nani anaingia na nani anatoka, mpaka alipozikwa.

Binti aliyelelewa chini ya meza ile ndiye huyu ambaye sasa ofisi nzima ilimwita Shangazi.

Hakuwa shangazi wa yeyote pale. Jina alilipata kwa sababu ya umri, na kwa sababu ya mkoba wake uliokuwa na kila kitu: sindano, pipi za kifua, kitambaa cha kufutia skrini. Kazi yao ilikuwa kuandika programu za bohari za dawa, zile zinazomwambia mtunza bohari ni dawa gani ipo rafuni, ipi imekwisha, ipi imepitwa na tarehe. Shangazi aliianza kazi hiyo wakati ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Wengi waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi walikuwa wamefundishwa naye, hata Kapteni, kiongozi wao, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya mpira na si kwa sababu ya ukali. Ukali hakuwa nao kabisa. Alikuwa mtu wa kuomba radhi hata kwa mlango.

Macho ya Shangazi yalianza kwisha pembeni, kama karatasi iliyoshika moto kingoni. Kwanza ulikuwa mwimo wa mlango, uliomgonga begani kila alipopita. Halafu ukawa watu. Walimsalimu kutoka kushoto asiitike, wakanong'ona kwamba Shangazi siku hizi anaringa. Akaenda kwa daktari. Daktari alimpima, akavua miwani yake mwenyewe, akaifuta.

"Kilichokwenda kimekwenda, mama. Tunalinda kilichobaki."

"Na kilichobaki kitabaki?"

Daktari akairudisha miwani usoni. "Dawa ya matone usiikose hata siku moja," alisema, na Shangazi akajua kwamba ameshajibiwa.

Kilichobaki alikiita dirisha. Mbele ya jicho la kulia palikuwa na uwazi kama wa kopo lililotobolewa kitako, na ndani ya uwazi huo dunia ilikuwa bado nzima, ina rangi zake. Nje yake hapakuwa na giza, kama watu wanavyodhani. Hapakuwa na kitu. Basi alijifunza kugeuza shingo. Alijifunza kuketi mwisho wa meza. Na kazini alikuwa salama zaidi kuliko barabarani, kwa sababu ya jambo ambalo wengine waliliona dogo: mistari yake ilikuwa mifupi.

Asiyeijua kazi hii hudhani maandishi ya programu ni alama zilizomwagwa kama mchele. Sivyo. Huandikwa mstari chini ya mstari, na mistari mingine huanzia ukingoni kabisa, mingine huingizwa ndani hatua moja, mingine mbili, mingine tatu. Katika lugha waliyoitumia wao, hatua hizo hazikuwa urembo. Mstari ulioingizwa ndani uko chini ya amri ya ule ulio juu yake, kama mtoto chini ya paa la wazazi. Ukitoka nje hatua moja, hauko tena chini ya paa lile, unafuata mambo yako. Na hatua hiyo huweza kupigwa kwa njia mbili. Kwa kitufe cha tab, kila mtu huipimia upana autakao kwenye skrini yake, na faili likabaki lile lile. Kwa spesi, yaani nafasi tupu, tuseme nne nne, upana ni mmoja kwa wote, utake usitake.

Shangazi alipiga tab, akaipima nyembamba kama uzi. Mstari ulipofika herufi themanini aliukata akaanza mwingine. Hivyo mwanzo wa mstari na mwisho wake vyote viliingia dirishani pamoja, au karibu pamoja. Angalau ukingo wa kushoto aliuona. Mtu anayeuona ukingo anajua yuko ndani au nje.

Hakuna aliyejua haya ila mdogo wake, msusi, aliyeishi naye nyumba moja na kusukia wateja sebuleni.

"Dada, waambie," alisema mdogo mtu jioni moja, akifagia nywele sakafuni.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba huoni vizuri. Si aibu. Si umekopa macho ya mtu ukayapoteza."

"Mpekuzi aliwaambia."

Habari za Mpekuzi mdogo mtu alizijua. Huyo alikuwa mama mmoja hodari wa kuzijaribu programu kabla hazijatoka; akaumwa viganja, akasema, na ofisi ikamwonea huruma. Walimhamishia mapokezi kwa muda. Walimnunulia kiti kizuri. Kila aliyepita alimwuliza vidole vinaendeleaje, na hakuna aliyemwuliza kitu kingine tena. Baada ya muda mapokezi wakaweka mashine ya kujibu simu, na Mpekuzi akaagwa kwa keki.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema mdogo mtu, ila kwa sauti ya chini.

"Kifo kikija kitanikuta kazini."

*

Vita vya spesi vilianza bila mtu kuvitangaza. Vijana walikuwa wameongezeka, kila mmoja na mtindo aliokuja nao. Mmoja alifungua faili akakuta tab, akazigeuza spesi. Mwenzake akafungua, akazigeuza tena. Faili lilirudi kila wiki limeguswa kila mstari na halijabadilika neno. Mwisho lilitokea faili lenye vyote viwili, tab huku, spesi kule, na programu ikakataa kuamka siku nzima. Ndipo Kapteni akasema basi. Tutaleta Kinyozi.

Kinyozi ni jina walilolipa chombo cha kunyoosha maandishi. Ukikipa sheria, hatua ziwe za namna gani na mstari uwe na urefu gani, hupita kwenye mafaili yote na kuyanyoa kichwa kimoja. Hakibembelezi wala hakiulizi hiki kichwa cha nani. Kilichobaki kilikuwa kuchagua sheria, na kwa hilo wakaitana chumba cha mikutano baada ya chakula cha mchana, feni ikizunguka kivivu juu yao.

"Mkubwa aanze," alisema Kapteni. "Shangazi."

Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alitaka aseme kama mtu asiye na haja.

"Mimi nasema tab, na mstari usizidi themanini. Mstari mfupi unasomeka. Jicho..." Akakisogeza kikombe chake. "Jicho halipotei njia ya kurudi."

Aliyemjibu alikuwa Redio, kijana waliyempa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezima.

"Shangazi, samahani kabla sijakosa. Themanini? Tunaandika programu au tunapiga telegramu? Skrini yangu ni pana kama uwanja wa mpira. Ukiniwekea themanini, nusu nzima iko tupu. Nifugie kuku?"

Wakacheka. Shangazi naye akacheka, maana ilichekesha.

"Fuga, mayai tutagawana. Lakini mstari ni wa kusomwa, mwanangu, si wa kukimbiliwa."

"Mimi nakimbia huku nasoma! Na hizo tab je? Mimi naona pana, wewe unaona nyembamba, yule anaona za kati. Faili moja, sura kumi. Tukikaa wawili mbele ya skrini moja tunaambiana nini?"

"Uzuri wake ndio huo. Kila mtu anakata nguo kwa kimo chake."

"Ubaya wake ndio huo! Tunataka sare, hatutaki harusi."

Wakacheka tena. Shangazi akaanza kueleza jinsi walivyofundishwa zamani, na kwa nini waliotangulia walichagua themanini, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujisikia anazeeka mbele yao. Alikuwa na sababu moja tu, na hiyo aliikalia. Hizi nyingine alikuwa ameziazima, na nguo ya kuazima haisitiri matako. Redio alimsikiliza kwa heshima yote ya kijana anayemsubiri mzee amalize.

"Hizo ni enzi za kadi za karatasi, Shangazi. Karatasi ilikuwa na mwisho. Skrini haina kengele."

Watu walikuwa wameanza kukusanya vikombe vyao. Lakini Kapteni akainua mkono, akawatuliza.

"Ngojeni. Shangazi, hiyo ndiyo sababu yenyewe, au kuna nyingine? Maana wewe ndiye uliyetufundisha kazi hii. Ukiniambia unahitaji themanini, kura hatupigi. Tunaandika themanini tunaondoka."

Alimtazama. Katika dirisha mlikuwa na vifungo vitatu vya shati na kidevu chenye huruma. Hakuwahi kufunguliwa mlango mpana namna ile. Ilikuwa tu aseme neno moja mbele ya watu wote wale. Lakini aliiona huruma ile kidevuni, akaona na jinsi itakavyoenea: kwenye vifungo, kwenye meza, kwenye chumba kizima, mpaka kwenye kiti kizuri cha mapokezi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mazoea tu."

"Mazoea yana tabu!" alidakia Redio.

Wakapiga kura. Mikono iliponyooshwa kwa ajili ya themanini, dirishani mwake aliuona mmoja tu, nao ulikuwa wake. Spesi nne. Herufi mia na ishirini.

Jioni mdogo wake aliposikia, alikiweka kitana chini.

"Ngoja nielewe. Mwenye nyumba amekufungulia mlango, anakwambia karibu ndani. Wewe ukaufunga, na kitasa ukaondoka nacho?"

"Ndiyo."

"Dada, wewe na baba mlitoka tumbo moja?"

*

Kinyozi alipita mwisho wa wiki. Jumatatu asubuhi Shangazi alifungua faili alilolijua kama anavyoijua nyumba yake, akakuta vitu vyote vimehamishwa. Kwa mwenye macho, kiti kilichohamishwa ni kiti kilichohamishwa. Kwa mwingine ni goti lililogongwa. Mistari ilitoka upande mmoja wa dirisha ikaingia upande mwingine ikaenda zake. Aliposoma mwisho wa mstari, mwanzo ulikuwa umeshapotea, na alipogeuka kuutafuta alishika mwanzo wa mstari mwingine. Ukingo wa kushoto ulikuwa mbali kule, ng'ambo. Kati yake na ukingo palikuwa na spesi, nyeupe tupu, na nyeupe haina alama ya kukuonyesha umefika wapi.

Hakulia. Mtu aliyekaa miaka akizitengeneza programu hulia baadaye, kwanza hutengeneza. Jumapili iliyofuata, akiwa mezani nyumbani, mdogo wake anamsuka binti wa jirani sebuleni, aliandika programu ndogo yake mwenyewe. Akaiita Mkunjo. Faili likifunguliwa, Mkunjo huikunja mistari mirefu iwe mifupi na kuzibana hatua ziwe nyembamba. Likifungwa, huikunjua na kuitanua tena kama Kinyozi atakavyo, na asijue mtu.

"Ni nini hicho?" mdogo wake aliuliza akiwa ameshika msuko kwa meno.

"Miwani. Nimejishonea."

Na kwa kipindi kizima, mvua zikaja zikaenda, ilifanya kazi. Nusu ya kazi ilifanywa na programu hiyo, nusu ilifanywa na kichwa chake. Aliyashika mafaili kwa moyo, kama watu walivyokuwa wakishika mashairi marefu, na dirisha lilipopungua aliongeza kumbukumbu. Na lilikuwa likipungua. Matone hakuyakosa hata siku moja. Kuna asubuhi alifumbua macho akawa anapapasa ndani ya dirisha kujua kama bado lina ukubwa wa jana, kama mtu anayepapasa mfuko wenye tundu. Mkunjo ukapunguzwa kutoka themanini hadi sitini, kutoka sitini hadi arobaini. Alijua, maana hesabu aliijua kuliko wote, kwamba hata siku ile angesema, hata Kapteni angeandika themanini kwa wino wa dhahabu, ingalikuwa kuegemeza kijiti kwenye ukuta unaoanguka. Unaanguka tu. Hilo halikumfariji. Lilimwondolea hata yule wa kumlaumu.

Siku ya kosa alikuwa akirekebisha sehemu ndogo ya programu, ile inayozikagua dawa na kuziweka kando zilizopitwa na tarehe. Kazi ya nusu asubuhi. Mstari mmoja ulikuwa mrefu sana. Mkunjo ukaukunja mara tatu, na katika kuukunjua ukachanganyikiwa. Mstari uliofuata ulirudi mahali pake umepungukiwa hatua moja kushoto. Hatua moja tu. Spesi nne, nyeupe, katika sehemu ya skrini ambayo kwake haikuwapo.

Kinyozi alipita, akaona nywele ziko sawa. Redio ndiye aliyekuwa zamu ya kukagua kazi za wenzake. Alipoona ni kazi ya Shangazi, aliitazama kwa juu, akaandika "safi", akaenda kunywa chai. Kazi ya Shangazi haikuwa ikikaguliwa pale. Ilikuwa ikitazamwa tu, kwa heshima.

Asubuhi ya pili simu zikaanza. Katika bohari zote, karibu na mbali, kila dawa iliandikwa kwa rangi nyekundu: weka kando, isitolewe. Za homa, za kifua, za sukari, za watoto. Watunza bohari wabishi walipuuza wakaendelea na kazi. Watiifu walitii. Mmoja aliyekuwa mtiifu kupita wote alikuwa ameanza kumwaga chupa za dawa ya maji kwenye sinki. Kapteni aliiweka simu kwenye spika ili wote wasikie, na sauti ya muuguzi ikajaza chumba.

"Nina mtoto hapa ana degedege. Dawa naiona, iko rafuni, hii hapa mbele yangu. Kompyuta yenu inaniambia nisitoe. Nitoe au nisitoe?"

"Toa, dada!" Kapteni alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kupiga kelele. "Toa! Toa sasa hivi!"

Simu ikakatika. Ilikuwa mchana ndipo walipopata habari kwamba mtoto ametulia, amelala. Shangazi alisikia habari hiyo amekaa mahali pake, mikono juu ya kibodi, vidole kila kimoja juu ya herufi yake, havibonyezi.

Redio ndiye aliyeliona kosa: mstari wa kuweka kando ulikuwa umetoka chini ya paa la ule wa tarehe. Na kompyuta huweka kumbukumbu ya nani aliugusa mstari upi. Hakumwambia mtu kwa sauti. Alikwenda kwa Kapteni, akamwonyesha kwa kidole.

Palikuwa na desturi ofisini kwao, na aliyeianzisha ni Shangazi mwenyewe, miaka ile ya juu ya duka la vioo. Likitokea kosa, mwenye mstari husimama mbele ya skrini ya ukutani na kuisoma sehemu yake kwa sauti, akitaja na ukingo: nje, ndani, ndani zaidi. Haikuwa adhabu. Alikuwa akiwaambia kwamba sikio hunasa kile ambacho jicho limezoea kukipita. Wengi walisimama pale kwa zamu zao, wakalinasa kosa lao katikati ya sentensi, wakajipiga paji la uso, watu wakacheka, yakaisha.

Alasiri wakaingia chumba cha mikutano. Redio alikaa nyuma, kimya, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtisha mtu.

"Hatutafuti mchawi," Kapteni alisema. "Tunataka tuelewe tu, lisirudi. Shangazi, tusomee."

Akainuka. Aliijua njia: kona ya meza, viti viwili, halafu ukuta. Alisimama pale wanaposimama wote. Mbele yake palikuwa na mwanga mkubwa mweupe, na ndani ya mwanga, katikati, vipande vya maneno kama sisimizi waliokanyagwa. Alikuwa na njia nyingi za kukwepa. Angesema kichwa kinamwuma. Angesema asomee mezani kwake. Lakini sehemu ile aliijua kwa moyo, neno kwa neno. Aliiandika mwenyewe kabla baadhi yao hawajamaliza shule. Akavuta pumzi, akasoma, kwa sauti nzuri isiyotetemeka.

"Nje: kwa kila dawa iliyo rafuni. Ndani: kama tarehe yake imepita. Ndani zaidi: andika jina lake. Ndani zaidi: iweke kando, isitolewe."

Akangoja.

Hakuna aliyejipiga paji la uso wala aliyecheka. Feni ilizunguka.

"Huo wa mwisho, Shangazi," alisema Kapteni taratibu. "Rudia huo wa mwisho."

"Ndani zaidi: iweke kando, isitolewe."

"Hapana... yaani, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Soma ulivyo. Ulivyo hapo."

Akageuza shingo kidogo kushoto. Mwanga. Akaigeuza zaidi. Alikuwa akiutafuta ukingo, na ukingo haukuja. Alisogea hatua moja, akanyoosha kidole kuugusa mstari kama alivyokuwa akiwafundisha wageuze macho yao yafuate kidole, na kidole chake, mbele ya watu wote aliowafundisha, kikatua pembeni kabisa ya skrini, kwenye plasta tupu ya ukuta, kikabaki pale kikionyesha.

Wote waliona. Mtu alishusha pumzi na kuikata katikati. Kapteni alifungua mdomo aombe radhi, ila hakujua ya nini.

Aliyeinuka ni Redio. Alikuja mpaka mbele, akasimama karibu naye, bega kwa bega, akitazama ukuta na kile kidole. Shangazi alizisikia pumzi zake upande wa kushoto, upande usiokuwapo. Hakugeuka. Alikishusha kidole polepole, akakikunja ndani ya kiganja, na kwa sauti ndogo, ya kusikiwa na kijana yule peke yake, akasema:

"Nisomee, mwanangu."